Ndama wa Nyasi Kavu

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Ulimi wa ng'ombe juu ya ngozi iliyokauka. Suyumkan alisimama nje ya mlango wa zizi, theluji imemfika vifundoni, akatega sikio. Ndani bado kulikuwa giza, hakuona kitu, wala hakuwa na haja ya kuona. Sauti ile aliijua kama mtu anavyokijua kikohozi cha mumewe. Kwaru, kwaru, kisha maziwa yakaanza kupiga ndoo, mchirizi mwembamba kwanza, halafu mnene. Akatabasamu peke yake.

"Anatoa?" akauliza kwenye ufa wa mlango.

"Anatoa, apa," ikajibu sauti ya Jypar, mke wa mwanawe, akimwita mama kwa neno la heshima la kwao.

"Nilikwambia! Hakuna ng'ombe anayeikataa tulup yangu."

Kashka, ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, alikuwa ametupa mimba mwezi mmoja kabla ya siku zake. Ndama mkubwa, manyoya yamekwisha kuota, kwato laini kama jibini, na hakuvuta pumzi hata moja. Na ng'ombe asiye na ndama mbele yake huyabana maziwa. Utamkama mpaka vidole vife ganzi, usipate hata ya kugeuza rangi ya chai. Kwa hiyo Suyumkan alifanya kama alivyofanya mama yake na nyanya yake. Alimchuna ndama mfu, akaijaza ngozi nyasi kavu, akalishona tumbo, akachomeka vijiti vinne mahali pa miguu. Hiyo ndiyo tulup. Mama akiinusa akailamba, moyo wake unalegea na kiwele kinaachia.

Wanawake wengi wa kijiji chao cha Tash-Koroo walijua kushona tulup. Lakini wao walipaka ngozi chumvi isioze. Suyumkan hakupaka. "Ng'ombe si mjinga," alikuwa akisema, "anajua mwanawe hakuzaliwa ndani ya pipa la chumvi." Yeye aliikausha polepole, kwenye kona ya zizi isiyoonja jua, yenye baridi na unyevu, ili harufu ya uzazi ibaki humo humo. Ndiyo maana tulup zake zilisifiwa hadi vijiji vya ng'ambo ya mto. Ndiyo maana aliitwa huku na huko kila ng'ombe wa mtu alipofiwa. Na misimu hii miwili ya baridi, ng'ombe walikuwa wakifiwa mno.

Mlango ukafunguka. Jypar akatoka, mkono mmoja ndoo, mkono mwingine tulup ameikumbatia juu ya tumbo. Tumbo lilikuwa la miezi mitano. Haikufaa kuiacha tulup zizini, mbwa wangeirarua, kwa hiyo ililala barazani ndani ya nyumba, karibu na viatu, na kila asubuhi na kila jioni Jypar aliibeba kwenda na kurudi, kichwa cha ndama kikimning'inia begani kama mtoto aliyesinzia.

"Mbona umepauka hivyo?"

"Usiku nimelowa jasho tena, apa. Na kiuno kinauma."

"Kiuno! Mimi Taalai nilimzaa asubuhi, na jioni nikakama ng'ombe saba."

"Jana walikuwa watano, apa," akasema Jypar kwa upole, macho chini.

"Basi wanaongezeka. Ng'ombe wangu wana afya." Akampokonya ndoo, na kwa sauti ya chini kidogo akaongeza: "Tembea taratibu. Kuna barafu."

Maana hilo ndilo lililomkosesha Suyumkan usingizi: lile tumbo. Masika yaliyopita Jypar aliharibu mimba ya kwanza, na Suyumkan alikwenda bombani akawaambia wanawake wenzake kwamba binti huyu hana subira, anainua ndoo kama mwanaume, tumbo lake halishiki. Maneno yale yalisambaa, yakafika mpaka Yekaterinburg, huko Urusi, ambako Taalai, mume wa Jypar, alikuwa akijenga maghorofa ya watu wengine. Na Taalai alisema kwenye simu, mama na mke wote wawili wakisikia: "Safari hii mtoto apatikane, mama. Sitarudi kuja kuangalia kitanda kitupu." Tangu siku ile Jypar alitembea kama mtu aliyebeba bakuli la chai lililojaa mpaka ukingoni.

*

Adhuhuri gari lilipiga honi nje. Ularbek akashuka, kijana mrefu wa taasisi ya utafiti wa mifugo kutoka mji mkuu, Bishkek, sanduku lake la barafu begani. Tangu vuli alikuwa akipita zizi hadi zizi katika bonde lile, akitoa damu ng'ombe na kuwauliza wenyewe maswali yasiyokwisha.

"Mbu wa serikali amerudi!" Suyumkan akamlaki mlangoni. "Leo umekuja kumnyonya nani?"

"Leo sinyonyi, apa. Nimeleta majibu."

"Basi ingia unywe chai. Majibu hayamezwi makavu."

Wakaketi. Jypar akamimina chai, akasogeza mkate na bakuli la malai iliyoenguliwa asubuhi ile ile. Ularbek aliitazama malai, asiiguse.

"Imechemshwa?"

"Malai ya kuchemsha ni ya watu wasio na meno," akasema Suyumkan. "Sema neno lako."

"Kashka ana ugonjwa wa kutupa mimba. Hakuteleza, wala si jicho la mtu. Ni kijidudu. Kimo kwenye maziwa yake, na zaidi kimo kwenye kondo la nyuma na kwenye ndama aliyetupwa."

"Mpige sindano."

"Hakuna sindano ya kumponya. Chanjo ipo, lakini ni ya mtamba ambaye bado mzima. Kashka inabidi aondoke."

"Aondoke aende wapi? Chuo kikuu?"

Jypar akaziba mdomo kwa kiganja. Hata Ularbek alicheka kidogo, kisha kicheko kikamfia.

"Kwenye machinjio ya wilaya, apa. Wao wana namna ya kumchinja bila kuambukizwa. Na sheria inasema utafidiwa."

"Sheria! Mtu mmoja wa ng'ambo ya mto aliisikiliza hiyo sheria, akachinja ng'ombe wake wawili. Nenda kamwangalie, mpaka leo chai yake ni nyeusi kama moyo wa aliyemwahidi. Na mimi nikimchinja Kashka nimkame nani? Wewe?"

 Ularbek akakizungusha kibakuli cha chai viganjani, akasema kama anayejisemea:

"Kuna jambo linanizidi akili. Kiangazi ng'ombe wanachanganyika malishoni, hapo naelewa. Lakini baridi ikiingia kila mtu anafunga wake, wa huyu hamuoni wa yule. Na bado ugonjwa unatembea. Nimepima kijiji kizima. Zizi hili linao, yanayofuata mawili hayana, la tatu linao. Burulcha anao, jirani zake wazima. Mwalimu Sadyr anao. Wale ndugu wawili wa darajani wanao. Ni kama kitu chenye miguu kinachojichagulia milango."

"Ugonjwa siujui," akasema Suyumkan, akakaa sawa, kwa maana hapa sasa alikuwa kwenye uwanja wake. "Ila hayo mazizi nayajua yote, mimi ndiye niliyeyaokoa. Baridi iliyopita mbwa mwitu alimla ndama wa Burulcha, hakubaki hata mkia. Ngozi ya kushonea itoke wapi? Watu wakasema basi, maziwa yamekwenda. Nani aliyarudisha?"

"Wewe, apa."

"Mimi! Nilikuwa na tulup ya ndama wa ng'ombe wangu mweusi, yule niliyemuuza baadaye. Nikaipaka maziwa ya ng'ombe wa Burulcha, nikampaka na ng'ombe mwenyewe puani, nikamwimbia. Akaikubali! Ngozi ya mtoto wa mwingine, akaikubali! Kisha ikaenda kwa Sadyr, ndama wake alikufa kwa kuhara. Kisha kwa wale ndugu wa darajani. Tulup moja, mazizi matatu. Niambie nani mwingine katika bonde hili anaweza hilo."

 Kuni za samadi zilivuma ndani ya jiko. Ularbek alikiweka kibakuli chini polepole, kama kitu kinachoweza kupasuka.

"Huyo ndama wa ng'ombe mweusi," akauliza, "alizaliwa hai?"

 Suyumkan akamtazama kijana usoni, akaona pale kitu alichokwisha kukiona kwenye nyuso za madaktari wakati mumewe alipokuwa akifa. 

"Alitupwa," akasema. "Na hiyo inahusu nini?"

"Ile tulup iko wapi sasa?"

"Iliisha. Panya."

"Na ya Kashka?"

Jypar, bila kuambiwa, alinyoosha kidole barazani.

Ularbek alivaa glavu. Alipiga magoti mbele ya ndama wa nyasi, akasugua kijiti cha pamba kwenye mshono wa tumbo, kingine puani, kingine ndani ya sikio, akavitia kwenye vichupa. Alifanya kazi ile kwa adabu, kama mtu anayeosha maiti, na adabu ile ndiyo iliyomuudhi Suyumkan kuliko kama angeikejeli. Alipoinuka alimgeukia Jypar.

"Wewe ndiye unayeibeba?"

"Ndiyo, kaka."

"Usiiguse tena. Na maziwa usinywe mpaka yachemke. Homa unapata? Jasho la usiku? Dada, kesho nenda hospitali ya wilaya wakupime damu. Kesho, usingoje. Ugonjwa huu kwa mjamzito..."

"Toka!" Suyumkan alikuwa amesimama. "Toka nyumbani kwangu! Umekula mkate wangu, halafu unaitabiria mabaya mimba ya mke wa mwanangu! Nyanya yangu alishona tulup njaa ilipokuwa ikiua watu njiani, na watoto wake walikuwa hai kwa maziwa hayo. Wewe umemlisha nani, wewe na vijiti vyako?"

"Apa, sisemi kwamba nyanya yako..."

"Toka!"

Akatoka. Mlangoni akageuka, uso umemwiva kwa baridi na kwa aibu, akasema: "Naomba ichomwe. Hata kama hunisadiki. Nakuomba tu." Gari likaondoka likiacha moshi juu ya theluji.

*

Jioni ile Suyumkan alikwenda kukama mwenyewe, akaibeba tulup mwenyewe.  Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Usiku alilala akihesabu si siku wala ng'ombe, bali milango: wa Burulcha, wa Sadyr, wa darajani. Kila alipofika kwenye wa darajani alijigeuza upande wa pili. Upuuzi, akajiambia. Kijana hata ndevu hajaota sawasawa. Hospitali? Barabara ni barafu tupu, na wakituona tunashuka wilayani watauliza mnaumwa nini. Ngoja theluji ipungue.

Asubuhi Burulcha akaingia bila hodi, ushungi umekaa upande, macho yanazunguka nyumba nzima.

"Yule mbu jana amekaa kwako muda mrefu. Kuna nini?"

"Alitaka chai."

"Kwangu hakunywa hata maji. Aliniambia wangu ni mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni wewe." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Wanasema zizi litakaloandikwa ugonjwa halitapelekwa malishoni na wenzake kiangazi. Litachungwa peke yake, huko kwenye mawe. Wa kwako je? Mzima?"

"Mzima wa chuma."

"Lakini alitupa."

"Aliteleza."

Burulcha akaitazama tulup barazani, akamtazama Jypar aliyekaa kando ya jiko. "Na leo hamjakama bado? Jua limetoka."

Hapo ndipo. Baadaye, katika siku zote zilizofuata, Suyumkan angerudi mahali pale pale, akasimama pale pale, akijaribu kusema neno jingine. Angeweza kusema kiuno chake kinamuuma. Angeweza kusema kaa unywe chai. Lakini jicho la Burulcha lilikuwa juu yake, na kiburi cha miaka yote ya kuwa fundi wa bonde zima kilimpanda kooni.

"Jypar! Umelala? Chukua tulup ukakame."

Jypar hakuinuka mara moja. "Apa, yule kaka alisema..."

"Alisema chai yangu tamu. Nenda."

Binti akainama. Akaiokota tulup, akaiweka begani. Alipopita karibu, Suyumkan aliona kwamba alikuwa ameikunja shali yake mara mbili tumboni, kati ya ngozi na mtoto. Kitambaa tu, cha sufu, kilichotoboka. Hakusema kitu. Burulcha akaridhika, akaomba chachu ya mkate, akaenda zake. Na kwa kuwa mtu akianza ni lazima amalizie, jioni Jypar aliibeba tena, na kesho yake tena.

Mimba ilitoka siku theluji ilipoanza kuyeyuka. Suyumkan alikuwa akipepeta nafaka, akasikia ndoo ikianguka zizini na mbwa wakibweka. Alimkuta Jypar amekaa kwenye matandiko ya nyasi, mgongo ukutani, maziwa yamemwagika yakichanganyika na kisichofaa kutazamwa, na Kashka amesimama juu yake akilamba tulup kana kwamba hakuna lililotokea duniani.

"Sikuinua kitu kizito, apa," Jypar alisema haraka, akilia. "Wallahi sikuinua. Nimetembea taratibu. Nimetembea taratibu kila siku."

Sadyr aliwapeleka wilayani kwa gari lake bovu. Njia nzima Suyumkan alishika mkono wa binti, na njia nzima binti alirudia maneno yale yale, kwamba alitembea taratibu. Mtoto aliyetoka alikuwa wa kiume.

*

Ularbek alimkuta Suyumkan kwenye ukumbi wa hospitali, amekaa kwenye benchi, mikono imelala mapajani viganja juu kama si yake.

"Apa. Pole."

"Keti. Wamempima damu. Wamesema anao. Sasa sema na la kwako."

"Apa, si leo..."

"Sema, nimekwambia! Ulikuwa na mdomo nyumbani kwangu."

Akaketi. Akazungumza akiangalia sakafu. Vijidudu kwenye tulup vilikuwa hai, vimeota maabara. Kwenye mshono wa tumbo vingi kuliko kote. Jua lingeviua kwa siku chache, joto vilevile. Lakini giza, baridi, unyevu, ngozi isiyotiwa dawa wala chumvi, hapo vinaishi msimu mzima. Mwenzake wa maabara alikuwa haamini, alirudia kipimo mara ya pili.

"Kwa hiyo ni mikono hii," akasema Suyumkan.

Ularbek akaendelea kuangalia sakafu.

"Na mwaka jana? Ile mimba ya kwanza? Ile tulup ya ng'ombe mweusi pia aliibeba yeye."

"Huenda."

"Huenda! Na hii? Ni ya mwaka jana, au ni asubuhi ile, ulipokwisha kukataza nami nikamwamuru? Niambie. Wewe ni mtu wa utafiti. Kama aliupata tangu mwaka jana, basi siku ile haikuongeza kitu. Si ndiyo? Niambie hivyo."

Kijana alimtazama. Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na mzee angelala.

"Sijui, apa. Inaweza kuwa tangu mwaka jana. Inaweza kuwa asubuhi ile. Utafiti wangu hauwezi kukuambia ni ipi, na sitakudanganya."

Suyumkan akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayeafiki hukumu.

"Anatibika yeye?"

"Anatibika. Vidonge na sindano, wiki nyingi, asiruke hata siku. Akimaliza anaweza kuzaa kama mwanamke mwingine yeyote." Akasita. "Na kuna Burulcha, na Sadyr, na wale ndugu. Wana watoto wanaokunywa maziwa yale. Mimi nikienda wananifungia mlango. Wewe..."

"Mimi wananifungulia," akasema Suyumkan. "Najua. Ndiyo ilivyokuwa."

Wakaenda pamoja siku ya pili. Kwa Sadyr alisema kwa sauti isiyotetemeka: tulup niliyokuletea ilikuwa na ugonjwa, sikujua, na nimejua. Mwalimu alivua kofia yake akaikunja, akaenda kummwagia mbwa maziwa ya ndoo nzima, kisha akakumbuka na mbwa asinywe, akasimama pale ameshika ndoo. Wale ndugu wa darajani walitukana, wakamtukana Ularbek, wakaitukana wilaya, kisha yule mdogo akakiri kwamba viungo vinamuuma tangu vuli. Burulcha alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kumbe!" akasema. "Na bombani ulituambia ni binti hana subira."

"Nilisema."

"Tukacheka."

"Mlicheka. Sasa nendeni mkaseme na hili, kwa sauti ile ile."

Burulcha alitaka kuongeza kijembe, kilikuwa kimekwisha kumfika kwenye ulimi. Lakini alimwangalia mjukuu wake aliyekuwa sakafuni na kikombe, ndevu nyeupe za maziwa mdomoni, na uso wake ukabadilika. Alimrukia mtoto, akamnyang'anya kikombe. Mtoto akaangua kilio.

Ularbek alichimba shimo nyuma ya zizi la Suyumkan, ardhi bado ngumu kama chuma. Wakaichoma tulup na matandiko, wakafukia majivu kwa chokaa. Nyasi kavu ziliwaka mara moja, ngozi ikachelewa, ikajikunja, ikanuka. Kutoka ndani Kashka aliisikia ile harufu. Alianza kulia, si ule mlio wa njaa, bali ule wa chini, wa tumboni, ng'ombe anapomwita mwanawe. Alilia mpaka lori la machinjio lilipofika asubuhi, na alipopandishwa alikuwa akigeuza shingo kuelekea kule kwenye majivu. Suyumkan mwenyewe ndiye aliyeishika kamba. Dereva alimwambia, mama, tuachie sisi, akamwambia funga mdomo uendeshe.

"Utaandika habari hii?" akamuuliza Ularbek lori lilipokwisha kupotea.

"Nitaandika. Hakuna aliyewahi kuitazama tulup namna hii. Mabonde mengine wanashona vilevile, bado hawajui."

"Andika jina langu."

"Utafiti hauandiki majina, apa."

"Basi utafiti wenu una haya kuliko mimi," akasema, akaingia ndani.

*

Hospitalini Suyumkan alimkuta Jypar amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, furushi lake dogo limefungwa pembeni. Wodi ilikuwa na wanawake wengine wanne, na wote wakajilaza mara moja.

"Unakwenda wapi? Daktari amesema siku nyingi bado."

"Vidonge nitameza kwetu, apa. Kaka yangu anakuja kunichukua." Alizungumza akiyaangalia magoti yake. "Mwanao alipiga simu. Amesema nikapumzike kwetu."

Suyumkan aliyajua maneno hayo. Kila mwanamke katika wodi ile aliyajua. Mume akisema kapumzike kwenu, hasemi urudi lini.

"Ulimwambia ni ugonjwa?"

"Nilimwambia. Amesema kila mwaka nina sababu mpya."

Mwanamke wa kitanda cha dirishani akakohoa, akageukia ukuta. Suyumkan alisimama. Alitaka kukaa, akaona hastahili kukaa kwenye kitanda kile. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni na chokaa, akaificha ndani ya mikono ya koti, kisha akaitoa tena.

"Usiku wa jana nilimpigia mimi," akasema. "Alikata simu. Nitapiga leo, na kesho. Ana mama mmoja tu, atachoka kukata."

"Apa, acha. Hakuna haja."

"Ipo. Nitazame, Jypar. Si magoti, mimi."

Binti akainua macho. Hayakuwa na hasira, na Suyumkan angelipa chochote ayakute yana hasira.

"Siku ile ulianza kusema, nikakukatiza," akasema Suyumkan. "Ulikunja shali, ukaenda. Niliona. Niliona nikanyamaza kwa sababu ya Burulcha." "Sikuombi unisamehe, sina uso wa kuomba. Nakuahidi, mbele ya hawa wote wanaojitia kulala. Mlango wa nyumba ile hautafungwa mgongoni mwako maadamu mimi ni hai. Taalai akija na neno la kuachana, ataanza kuniambia mimi, na mimi nitamwambia ni nani aliyemuua mwanawe, na si wewe. Utakunywa dawa zako zote kwenye mikono yangu, na nikikosea siku moja nipigie kelele kijiji kizima kisikie. Na kama hutaki, kama umetuchoka, basi nenda, una haki. Lakini huendi na kaka yako peke yake kama mwizi. Nitapanda gari pamoja nawe mpaka kwenu, nitasimama mbele ya mama yako, nami nitamwambia kwa kinywa changu mwenyewe nilichomfanyia mwanawe."